Kurutu Anapimwa Meno, Mtazamo Je?

Binamu yangu hukimbia kila asubuhi kando ya Tana. Anataka kuingia jeshi. Usaili wa makurutu tunaujua: urefu, kilo, meno, mbio. Mimi swali langu ni moja: vile huyu askari anawaona raia, hiyo hupimwa na nani?

Wakoloni wa KAR walidhani wanajua. Kwao hulka ya askari ilienda na kabila: hawa wapiganaji, wale wakorofi. Ukizaliwa tu, ushahukumiwa.

Mwaka wa 1950 huko Marekani, Theodor Adorno na wenzake wakaleta kipimo cha maswali. Walisema chuki inatokana na hulka ya mtu, ile anayojengewa tangu utotoni. Sawa, kuna ukweli hapo. Lakini cheki hii.

Mwaka wa 1945, watafiti wa jeshi la Marekani chini ya Samuel Stouffer waliwauliza wanajeshi wazungu: ungeonaje kombania yako ikiwa na platuni ya weusi? Kwenye vikosi ambavyo havikuwa na weusi, asilimia 62 walisema wangechukia sana. Kwa wale waliokuwa tayari na weusi kombania moja? Asilimia 7. Wote ni wazungu, jeshi moja, vita vimoja. Tofauti ilikuwa wanaishi na nani.

Sasa rudi kwetu. NFD iliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, ikaondolewa 1991. Karibu miaka 28! Askari akiletwa huku tayari ameambiwa kila Msomali ni shifta, hulka yake nzuri itamsaidia nani? Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir. Miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57. TJRC ikasema karibu 1,000.

Na miaka miwili tu kabla, Agosti 1982, aliyeongoza wanajeshi kuikomboa Sauti ya Kenya kutoka kwa waasi alikuwa Mahmoud Mohamed. Msomali. Baadaye akawa mkuu wa majeshi yote.

Kwa hivyo, wasee, tupime meno, sawa. Lakini pia tuulize kurutu anafunzwa nini kuhusu watu wa kule anakopelekwa, na kama ataishi nao ama atawaona kwa roadibloku tu. Binamu yangu ni mpole sana. Siku akipelekwa mbali na nyumbani, naomba asiambiwe kule ni kwa maadui.