Uigizaji katika Masasi na Newala

Uigizaji katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ni sanaa ya kale inayofundishwa kumbini na kuoneshwa uwanjani. Ni kazi ya kisasa pia, ila anayetaka kuishi kwa kazi hiyo kwa kawaida huifuata Bagamoyo au Dar es Salaam. Newala imekaa juu ya Uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana hadi Msumbiji. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamechangamana huku na kule, na wameazimana michezo kwa muda mrefu.

Midimu

Mwigizaji mkubwa wa uwanda huu ni yule ambaye jina lake halitajwi akiwa kazini. Midimu, yaani ngoma ya vinyago vya kuvaliwa, huchezwa hasa wakati vijana wanapotoka jandoni na wasichana unyagoni. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde wa Msumbiji wana mapiko, ambayo kinyago chake huvikwa kichwa kizima. Upande wa Tanzania kinyago hukaa usoni, na mwili wote hufunikwa nguo. Wapo wanaocheza juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni. Upo pia ubao unaofungwa kifuani na tumboni, umechongwa matiti na tumbo la mja mzito pamoja na chale za Kimakonde. Anayeuvaa ni mwanamume, na kazi yake ni kuwa mwanamke mwenye mimba mbele ya wanawake waliokwisha kuzaa.

Hapo ndipo ustadi unapopimwa. Uso wa mti haucheki wala haununi, kwa hiyo kila kitu lazima kitoke shingoni, mabegani, kiunoni na katika namna ya kukanyaga. Kinyago kikiinamishwa kidogo, mzee anaonekana amechoka. Kikiinuliwa ghafla, ni mzee yuleyule amekasirika. Mchezaji huona kwa shida kupitia vitundu vya macho, hivyo humtegemea mpigaji wa ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka, unaochomekwa ardhini. Mkato wa ngoma humwambia asimame, ageuke au awaendee watoto waliosogea mno. Hasemi, kwa sababu sauti humtaja mtu, na kwa desturi asiyepita jandoni hapaswi kujua aliye ndani ya nguo ni nani. Mazoezi hufanyika mbali na macho ya watu. Wanaoigizwa ni wengi: ajuza mwenye ndonya katika mdomo wa juu, askari, mfanyabiashara mgeni, Mzungu, nyani, sungura. Watazamaji wanawajua hao wote, na mwendo wa uongo hugunduliwa mara moja.

Mafunzo haya yanastahili kuitwa shule ya uigizaji bila kusitasita. Kijana wa kumbini hukariri nyimbo nyingi, huzoeshwa kutii ishara, kuvumilia na kukaa katika nafasi aliyopewa hata akichoka. Unyagoni wanawake nao huigiza maisha ya ndoa, ukwe na uzazi, kwa uhodari na ucheshi ambao wanaume hawaoni. Yanayooneshwa humo si ya kuandikwa hapa, waliofundwa wanayajua. Itoshe kusema kwamba sehemu kubwa ya vipaji vya wanawake wa nyanda hizi hukuzwa hapo, na wengi wao hawajawahi kupanda jukwaa lingine.

Misheni, dola na jukwaa

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Ngoma alizozipiga picha ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kutengenezwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wachezaji wa Uwanda wa Makonde, basi, walisimama mbele ya kamera miongo mingi kabla ya filamu za Kiswahili kuzaliwa, na majina yao hayamo katika historia ya sinema yetu.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Kwa muda mrefu walivutana na jando, mpaka Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alipoijaribu njia nyingine: jando lenye sala, baraka na uangalizi wa mapadri. Mafundisho ya ukumbi yalibaki, lakini yale ambayo kanisa liliyaona hayafai yaliondolewa. Kwa upande wa sanaa, badiliko hilo lilikata pande mbili. Liliinusuru shule yenyewe isipigwe marufuku, na papo hapo likafundisha kizazi kizima cha Wakristo kuyaonea haya baadhi ya maonesho ya babu zao.

Baada ya Uhuru, sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma kilichoundwa miaka ya 1960, ikawa miongoni mwa ngoma zinazojulikana zaidi nchini. Jukwaani ilifupishwa, ikapangwa safu na kuangaliwa zaidi viuno. Kilichopotea ni kisa: nani anamtania nani, na kwa nini kijiji kizima kinacheka. Urithi wa kikundi hicho na vingine vya taifa uliingia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, mwaka 2007.

Shuleni

Wanafunzi wa sekondari huku, kama wenzao nchini, wamesoma tamthilia kama Ngoswe ya Edwin Semzaba na Kilio Chetu kwa ajili ya mtihani. Maswali huhusu dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, na mwanafunzi anaweza kufaulu vizuri bila kusimama hata mara moja kutamka maneno ya mhusika. Hiyo ni hasara kubwa katika eneo ambalo watoto wake wamekua wakitazama midimu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji, vita ambavyo mwaka 1905 vilifika Masasi na kuichoma misheni. Ikichezwa chini ya vilima hivyo, watazamaji watakuwa wakielezwa habari za nchi yao wenyewe.

Kuifanya kuwa kazi

Anayeamua kuishi kwa uigizaji huwa na njia mbili za masomo zinazojulikana: TaSUBa, au shahada ya sanaa za maonesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Penina Mlama na Amandina Lihamba walifundisha na kuigiza kwa miaka mingi. Njia ya tatu, inayofuatwa na wengi, ni kujiunga na kikundi cha Dar es Salaam, kufanya mazoezi bila malipo na kungoja kupewa sehemu ndogo katika tamthilia ya runinga au filamu. Safari yenyewe ni ya zaidi ya kilometa 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria walivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yaliweza kuifunga kabisa barabara ya kusini. Si ajabu waigizaji wa huku walichelewa kuonekana.

Kisheria, msanii hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Filamu na michezo ya jukwaani husimamiwa chini ya sheria ya mwaka 1976. Mwigizaji anayeanza hushauriwa kudai mkataba wa maandishi hata kwa siku moja ya kupiga picha, kwa sababu filamu ikishauzwa, aliyekubaliana kwa mdomo hana cha kushika.

Wanaobaki nyumbani hawaishi kwa uigizaji peke yake. Huchanganya kilimo, ushereheshaji wa harusi, michezo ya kampeni za afya na video fupi za vichekesho zinazorekodiwa kwa simu. Binti hukabiliwa na ugumu wa ziada, maana jamaa wengi bado huona uigizaji wa filamu ni uhuni, hata pale ambapo bibi yake ndiye mwigizaji anayesifiwa kuliko wote unyagoni. Kalenda ya kazi hufuata korosho. Minada inapoanza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, fedha huingia vijijini, sherehe huongezeka na vikundi huitwa; mwenye shughuli hutoa chakula na malipo ya kikundi, na watazamaji huwatunza wachezaji papo hapo. Bei ya korosho ikianguka, mialiko hupungua, na kikundi chenye busara huweka akiba ya msimu mzuri kwa ajili ya ngozi za ngoma, nguo na nauli ya kwenda Mtwara, kwenye tamasha la MaKuYa, linalokutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao.