Mazingira

Neno mazingira, ambalo asili yake ni kuzinga, yaani kuzunguka, humweka binadamu katikati na kuvifanya viumbe vingine vyote kuwa pambizo lake. Ilhali maumbile, litokalo katika kuumba, humhesabu yeye mwenyewe kuwa mmoja wa walioumbwa. Tofauti hiyo ni dhahiri katika Shetani Msalabani, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982, ambamo tajiri mmoja, katika mashindano ya wezi huko Ilmorog, anakusudia kuwauzia maskini udongo na hewa kwa kupima. Kwani ajidhaniye yu katikati hukiona kila kimzungukacho kuwa milki yake. Lakini simama, ewe msomaji, ufuoni mwa Ziwa Nakuru, uitazame migunga iliyokauka ikiwa wima ndani ya maji, kwa kuwa tangu mwaka 2010 hivi ziwa limepanda hata likalifunika lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama iliyopo hapo. Ndipo utakapofahamu kwamba kuzingira maana yake pia ni kuhusuru, na ya kwamba wanaozingirwa leo ni sisi. Basi na tuseme maumbile, tukaishi kwa adabu ya walioumbwa.