Maradhi ya Ulaji: Aina Zake na Tofauti Yake na Mfungo

Mama Kanisa huwaagiza waamini kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mfungo ni tendo la toba: mwamini hujinyima kwa hiari, kisha hurudi mezani kwa shukrani. Lakini wapo wanaojinyima chakula, au kula kupita kiasi, si kwa toba wala kwa ulafi, bali kwa ugonjwa. Wataalamu wa afya ya akili hutaja hasa aina hizi:

Anoreksia: Mgonjwa hupunguza chakula hata uzito wake ukashuka mno, naye huendelea kujiona mnene. Moyo na mifupa hudhoofika. Ugonjwa huu ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi.

Bulimia: Mgonjwa hula chakula kingi kwa muda mfupi pasipo kuweza kujizuia, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha. Kwa kuwa uzito wake huweza kuwa wa kawaida, jamaa huchelewa kutambua.

Ulaji wa kupindukia: Mgonjwa hula vivyo hivyo, ila hajitapishi, hubaki na aibu na huzuni. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka katika mwongozo wao kuwa ugonjwa unaojitegemea.

Pika: Ni kula visivyo chakula, kama udongo, chaki au karatasi, kwa mwezi mmoja au zaidi.

Ukwepaji wa vyakula: Mgonjwa huepuka vyakula vingi kwa sababu ya harufu au hofu ya kupaliwa, wala si kwa kujali umbo la mwili.

Je, mgonjwa ametenda dhambi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba hofu, mazoea na hali za kisaikolojia huweza kupunguza au hata kuondoa uwajibikaji wa mtu. Basi, asihukumiwe kuwa mlafi, wala asisifiwe kuwa mtakatifu kwa kukonda kwake. Tena, mgonjwa hafungwi na sheria ya mfungo. Kwake yeye, kula alichoagizwa na daktari ni utii kwa Mungu aliyempa uhai.

Wazazi na makatekista wawe macho hasa baada ya Kwaresima. Pasaka ikifika, mfungo hukoma, ugonjwa haukomi. Kijana anayeendelea kukwepa meza ya familia apelekwe hospitali mapema, huku Paroko akimsindikiza kwa sala na Sakramenti.