Baada ya Kipindupindu: Funzo la Karafuu kwa Mwenye Duka



Mwaka 2020, korona ilipozuia sherehe, sisi mafundi cherehani wa Mpui, Rukwa, tuliacha magauni ya harusi tukashona barakoa. Visiwani waliwahi kupitia makubwa zaidi.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja. Biashara haijakaa sawa, Aprili 1872 kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba wakazidisha upanzi Pemba, ingawa mkarafuu hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwishowe Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Tusisahau kuwa jasho lilikuwa la watumwa. Soko lao Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Naye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akaleta maji safi ya mabomba mjini. Kipindupindu hupita kwenye maji machafu, kwa hiyo hapo uliguswa mzizi wenyewe.

Tunapata mawili: mtaji usitundikwe kwenye mti mmoja, na balaa likipita tuzibe lilikopitia.

Bi harusi, mahari ni haki yako. Ukiifanya mtaji wa duka, usiimalize yote kwenye magauni ya harusi. Sare za shule na mashuka hayangoji sherehe. Tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali.