Sahihi ya mama: safari kutoka kidole gumba hadi ufunguo wa siri

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi zilinilemea, halafu likazuka jambo la nyumbani lililonifanya nisome sheria na historia kuliko nilivyowahi kusoma nikiwa chuoni. Leo nitawasimulia yote mawili, maana nahisi wengi wenu mko katika hali kama yangu bila kujua.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Doha. Usiku mmoja aliniandikia kwenye WhatsApp kwamba amepata mnunuzi wa ekari moja ya shamba la mama kule Kilifi. Mkataba ulikuwa tayari, ilibaki sahihi tu. "Siku hizi si mambo yote ni ya kielektroniki? Wewe ndiye mtu wa kompyuta, na sahihi ya mama unayo. Ibandike tumalize."

Kweli ninayo. Mama alipolazwa hospitalini miaka miwili iliyopita, nilipiga picha sahihi yake, nikaisafisha, nikaihifadhi ili nisimsumbue kwa kila fomu. Tena si hiyo tu. Akaunti yake ya huduma za serikali niliifungua mimi, kwa barua pepe yangu na nambari yangu ya simu, kwa sababu yeye hutumia mulika mwizi. Nambari za siri za uthibitisho hunijia mimi. Nakala ya kitambulisho chake iko kwenye tarakilishi yangu.

Nikamwuliza kaka, "Mama anajua?" Akajibu, "Nitamweleza baadaye."

Nilikaa kitako nikitazama kioo cha tarakilishi. Sikulala. Badala yake nikaanza kusoma.

Kwanza nilitaka kujua sahihi ni kitu gani hasa. Huku kwetu pwani, kabla ya serikali ya Waingereza, shamba au minazi ilibadilisha mwenyewe mbele ya watu. Wazee walikaa, mipaka ikatembelewa kwa miguu, majirani wakaona. Katika miji ya Waswahili kadhi aliandika hati kwa herufi za Kiarabu, lakini hati hiyo nayo ilisimama juu ya mashahidi. Ukibisha, wanaitwa waliokuwapo.

Waingereza walikuja na imani tofauti. Kwao ardhi ilihitaji karatasi, na imani hiyo ina kisa chake. Mwaka 1677 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia ulaghai na viapo vya uongo. Watu walikuwa wanafika mahakamani na mashahidi wa kukodi kuapa kwamba fulani aliuza shamba kwa mdomo. Sheria ile ikasema mkataba wa ardhi hautatekelezwa mahakamani bila maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo sahihi ililetwa kuwa dawa ya shahidi mwongo.

Karatasi nayo ikaleta matatizo yake. Kila anayenunua alilazimika kuchimbua rundo la hati za zamani kuhakikisha kwamba mnyororo haujakatika popote. Mwaka 1858 kule Australia Kusini, Robert Torrens akaleta utaratibu mwingine: serikali iweke sajili moja, na anayeandikwa humo ndiye mwenyewe. Wenzangu waandishi wa programu mtaielewa haraka. Torrens alisema kuwe na hifadhidata moja inayoaminika, badala ya kila mtu kubeba nakala yake.

Mwaka huohuo wa 1858, kule Bengal nchini India, afisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alikuwa anaandikiana mkataba na mwanakandarasi Rajyadhar Konai kuhusu vifaa vya kujengea barabara. Herschel akamtaka apake wino kiganja kizima na kukibandika nyuma ya karatasi, ili baadaye asije akaikana sahihi yake. Mwaka 1877, akiwa Hooghly, Herschel alianza kuchukua alama za vidole katika afisi ya kusajili hati. Kumbe kidole gumba kilifika kwenye hati kabla hakijawa kazi ya polisi!

Hapa Kenya mambo haya yote yalitufikia, na hayakutufikia kwa upole. Sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao kwa afisa wa serikali yaandikishwe. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa njia hiyo ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakuandikisha. Walikuwa na mashahidi, makaburi na minazi, lakini sajili haikujua kusoma minazi. Neno "skwota" linalotuuma pwani hadi leo lina mzizi wake mmoja pale. Karibu mwaka 1920 utaratibu wa Torrens ukaingia nchini. Wakati huohuo wanaume Waafrika walianza kulazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole. Mwaka 1963 ikaja sheria ya ardhi iliyosajiliwa, ambayo wazazi wetu wengi walipatia hati zao chini yake, mpaka ilipofutwa na sheria ya usajili wa ardhi ya 2012. Sheria hii ya 2012 bado inakubali kidole gumba kuwa sahihi, na inataka pia nakala ya kitambulisho na picha ndogo za wahusika.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Kuanzia tarehe 1 Juni 2003, kifungu cha 3 cha sheria yetu ya mikataba kinadai kwamba mkataba wa kuuza ardhi uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo wakati inatiwa. Baada ya safari yote hiyo ya karatasi na sajili, tulirudi kwa yule shahidi wa kale aliyesimama chini ya mwembe. Kuiona alama hakutoshi. Lazima awepo mtu aliyekuona ukiiweka.

Sasa tuje kwenye fani yetu. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha makala iliyosema kwamba mtu anaweza kuwa na funguo mbili zinazohusiana, mmoja wa siri na mwingine wa umma. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kuifanya kazi hiyo kwa hesabu za namba kubwa. Ndiyo RSA, herufi za kwanza za majina yao.

Kwa wasio wa fani, kazi yake ni hii. Programu huusoma waraka wote na kuukamua hadi ubaki muhtasari mfupi wa tarakimu. Ukibadilisha hata nukta moja, muhtasari hubadilika. Ufunguo wa siri hutumika kuutia muhuri muhtasari huo. Yeyote mwenye ufunguo wa umma anaweza kuhakiki mambo mawili: waraka haujaguswa tangu utiwe muhuri, na muhuri umetoka kwa ufunguo fulani. Ona nilivyosema. Ni ufunguo fulani. Hesabu haimjui mtu aliyekaa kwenye kiti.

Sheria zilianza kufuata. Jimbo la Utah nchini Marekani lilitunga sheria ya sahihi za kidijitali mwaka 1995. Umoja wa Mataifa ukatoa sheria ya mfano ya biashara ya kielektroniki mwaka 1996 na nyingine ya sahihi za kielektroniki mwaka 2001. Tarehe 30 Juni 2000, mjini Philadelphia, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya sahihi za kielektroniki ya Marekani nzima. Kwanza alitumia kalamu, kisha akairudia kwa kadi yenye ufunguo. Neno siri la kadi hiyo lilikuwa jina la mbwa wake, Buddy. Magazeti yakaliandika. Yaani siku ya kwanza ya enzi mpya, dunia nzima ilijua neno siri la rais! Tucheke, lakini tukumbuke.

Kenya tuliingia Januari 2009, wakati mabadiliko ya sheria ya mawasiliano yalipoanza kutumika. Sahihi ya kielektroniki ikatambuliwa, isipokuwa kwa mambo matatu: wasia, hati za malipo zinazohamishika kama hundi, na hati za umiliki. Kwa maneno mengine, ungeweza kuagiza kontena la bidhaa kwa ufunguo wako, lakini ukitaka kuuza ploti ulirudi kwa wino. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ni woga wa wazee bungeni.

Ukuta huo ulibomolewa tarehe 18 Machi 2020, siku tano tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Mswada wenyewe ulikuwa umeandikwa kabla ya korona, lakini ulifika kwa wakati wake. Hati za umiliki zikaondolewa kwenye orodha ya yaliyokatazwa, na sheria ya mikataba ikasema kutia sahihi ni pamoja na kutumia sahihi ya kielektroniki ya daraja la juu. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za miamala ya ardhi ya kielektroniki, na tarehe 27 Aprili 2021 mfumo wa Ardhisasa ukazinduliwa, ukianzia Nairobi.

Hiyo sahihi ya daraja la juu ina masharti manne. Iwe ya mtu mmoja pekee. Iweze kumtambulisha. Itengenezwe kwa njia ambayo yeye peke yake anaweza kuidhibiti. Na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana.

Nilisoma sharti la tatu mara kadhaa usiku ule. Yeye peke yake. Halafu nikatazama simu yangu, inayopokea nambari za siri za mama yangu.

Ile picha niliyoisafisha haifikii hata sharti moja. Ni mchoro tu, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuinakili. Lakini hata kama ningemfungulia mama ufunguo halali, wenye cheti halali, hesabu zake zote zikiwa sawa, bado kalamu ingekuwa mkononi mwangu. Mahakama ingeona sahihi ya mama. Mfumo ungeona sahihi ya mama. Mama angekuwa Kilifi akichambua mchicha, hana habari. Yule shahidi mwongo wa 1677 angekuwa amerudi, na safari hii ni mimi.

Kuna kitu kingine ambacho ufunguo hauwezi. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufuoni kule Mombasa, ilisema kwamba kuwa na hati pekee hakutoshi. Ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, aliyenunua baadaye hawezi kujikinga kwa karatasi yake. Sahihi ya kidijitali inathibitisha kwamba waraka haujabadilika. Waraka ukianza na uongo, unahifadhi uongo huo vizuri sana.

Msinielewe vibaya. Sisemi turudi kwa wino. Wino umetuliza sana nchi hii. Mafaili yamepotea, kurasa zimechomolewa, ploti moja imepatikana na hati tatu. Mfumo mzuri wenye funguo na kumbukumbu ya kila anayegusa faili ungewazuia wengi. Pia kaka yangu ana haja ya haki: mtu aliye Doha hapaswi kupanda ndege ili aweke jina lake kwenye ukurasa mmoja. Kwake yeye sahihi ya kielektroniki ni ukombozi. Kwa mama, kama tulivyompangia sisi watoto wake, ilikuwa mtego.

Kwa hiyo nilifanya nini? Jumamosi nilipanda basi hadi Kilifi. Nilimweleza mama kila kitu, pamoja na kosa langu. Akanisikiliza akiendelea na kazi yake, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, miaka yote hii wewe ndiwe mimi?"

Sikuwa na la kujibu. Tulienda mjini tukamsajilia laini mpya kwa kitambulisho chake, tukaihamishia akaunti yake. Neno siri alilichagua mwenyewe, akaniambia nigeuke ukutani wakati anaandika. Nilimsaidia kutafuta herufi kwa kumweleza ziko wapi. Ilichukua karibu saa nzima. Picha ya sahihi yake niliifuta mbele yake.

Kuhusu ekari ile, alimpigia kaka simu mwenyewe. Alimwambia hana neno na kuuza, lakini atazungumza na mnunuzi uso kwa uso, na kama ni sahihi ataiweka mbele ya wakili aliyemchagua yeye. Kaka alinuna siku tatu, halafu akanitumia ujumbe mfupi: "Umefanya vizuri." Mnunuzi hajafika mpaka leo.

Waandishi wa programu wenzangu, tunapojenga mifumo hii tusiishie kuuliza kama ufunguo ni sahihi. Tuulize pia mzee asiye na simu janja atashika ufunguo wake vipi bila kumkabidhi mjukuu. Na nyinyi wengine, usiku huu tazameni simu zenu. Ni ya nani ile nambari iliyoandikwa kwenye akaunti ya mzazi wako?

Haya, kwa leo niishie hapo. Tukijaliwa, wiki ijayo nitaandika jinsi ya kuhakiki sahihi ya kidijitali kwenye waraka uliotumiwa.