Rutuba Imerudi Majini

Methani haina harufu. Hilo litangulie, maana apitaye kwenye mikoko ya Kilwa Kivinje maji yakiwa yamekupwa hupokewa na uvundo wa mayai viza, na mtu akamwambia kuwa ndiyo gesi ya tope. Uvundo ule ni wa gesi nyingine, yenye salfa. Methani huweza kupanda ubavuni mwake bila pua kujua.

Jina lake nalo linajificha. Huko Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyohiyo ya Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Karibu yote ni methani, lakini bungeni na kwenye mikataba inaitwa gesi asilia. Ikitoka kwenye samadi ya ng'ombe ni biogesi. Ikitoka matopeni haina jina la mtaani. (Ile ya mtungi, ambayo jikoni tunaiita gesi basi, si methani: ni propani na butani.) Kwa hiyo “asilia” ni neno la soko kuliko la kemia. Vijidudu vya tope vinatengeneza methani leo hii bila kuombwa na yeyote, lakini mwekezaji anayekwenda Likong'o, Lindi, kwa ajili ya gesi asilia hana habari navyo. Mimi naridhika na “methani”. Tangu TUKI itoe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, utohozi wa namna hii haumshtui mwanafunzi.

Kinachonisumbua ni virutubisho. Kwa Kiarabu, rutuba ni unyevu. Sisi tuliichukua tukaipeleka shambani, ikawa nguvu ya udongo. Ikazaa rutubisha, kisha kirutubisho. Sasa watafiti wa maji wameirudisha ilikotoka: wanaposema virutubisho vya maji wanakusudia naitrojeni na fosforasi zilizo katika hali ambayo mimea inaweza kuzitumia. Safari nzuri, ila neno limepita kliniki njiani. Mama mjamzito anahimizwa apate virutubisho. Nani basi atakiogopa kirutubisho? Ilhali majini vikizidi, mwani mdogomdogo hufumuka, hufa, huoza, na uozo hula oksijeni. Oksijeni inapokwisha ndipo vijidudu vya methani hupata nafasi. Wavuvi wa Ziwa Victoria, waliokwamishwa na magugu maji, hawahitaji kuelezwa kuwa maji yanaweza kushiba kupita kiasi. Ningependelea “rutuba ya maji”, kwa sababu rutuba inakubali kuzidi: mkulima anajua mbolea ikipita kipimo huunguza mmea.

Vipimo vya pwani yetu vipo. Mwaka 2008 Erik Kristensen na wenzake walichapisha utafiti wa hewa ukaa na methani katika mikoko ya Mtoni, inayopokea uchafu wa Dar es Salaam, na ya Ras Dege, iliyosalimika zaidi. Hawakupima tope tupu tu. Waliangalia pia mashimo ya kaa na mizizi ya kupumulia inayochomoza kwenye tope, kwa kuwa gesi hupata njia humo. Hapa lugha ya wakata boriti inamsaidia mtafiti kuliko istilahi ya ofisini. Neno “mikoko” linafunika msitu wote, lakini mkoko wenyewe hujishikilia kwa mizizi ya matao, na mchu ndio unaosimamisha vijiti vya kupumulia. Fomu ya utafiti ikiandika “mikoko” peke yake, imeshapoteza habari.

Kisha kuna chumvi. Maji ya bahari yana salfeti, na vijidudu vinavyoitumia huwanyang'anya chakula watengeneza methani; ndiyo maana, kwa kawaida, tope la maji chumvi hutoa methani kidogo kuliko la maji baridi. Na “maji baridi” ni istilahi ya ajabu: maji ya mto Matandu yanaweza kuwa vuguvugu mchana kutwa na bado yakaitwa baridi. Afadhali “maji matamu”. Kwa mchanganyiko wa mlangoni mwa mto, mto na bahari vinapokutana, lugha ina “chumvichumvi”, neno linalobeba kadiri ndani ya urudufu wake. Wakati wa masika Matandu hushusha maji mengi karibu na Kivinje, chumvichumvi ikapanda na kushuka kwa bamvua na maji mafu, na kiasi cha methani kinaweza kubadilika pamoja nayo. Mpimaji aandike hali ya maji kando ya kila namba.