Mchanganyiko wa Kijamii Mitaani

Mchanganyiko wa kijamii ni hali ya watu wa vipato, kazi na asili mbalimbali kukaa katika mtaa mmoja, na aghalabu hutajwa sambamba na jentrifikesheni, dhana iliyoasisiwa mwaka 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass alipoeleza jinsi watu wa tabaka la kati walivyoingia mitaa ya wafanyakazi jijini London, wakakarabati nyumba na kupandisha gharama hadi wenyeji wakahama. Dhana hiyo ikiitwa upandishaji hadhi wa mtaa inaeleweka, ingawa jina hilo hutaja kinachopanda na kumnyamazia anayeondolewa.

Noonkopir, katika mji wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, hapakuwa na nyumba kuukuu za kukarabatiwa. Kilichouzwa ni malisho. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, mali ya Wamaasai wa Kaputiei, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa sehemu yake, na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje (EPZ) lilipofunguliwa Athi River katika miaka ya 1990, sehemu hizo zikaanza kukatwakatwa kuwa ploti, wenye vibarua viwandani wakapanga vyumba vya mabati na vya mawe, nao wenye ajira za Nairobi wakajenga nyumba zenye geti.

Kwa mwenye kutazama ramani, huo ni mchanganyiko kamili. Hata hivyo, mwanamke anayeenda kufua nguo ndani ya geti hupitia mlango mdogo, huacha kitambulisho kwa soja na kuandikwa kitabuni, ilhali mwenye nyumba hupigiwa saluti; jioni mwenye nyumba hufungua bomba linalotoka kwenye kisima cha mtaa, yule mwanamke hununua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni, na kwa kila lita huenda akalipa zaidi. Ndiyo maana mchanganyiko usifasiriwe kuwa utangamano, neno linalodai kuelewana na kushirikiana. Mchele na choroko huchanganyika kapuni bila kupikwa pamoja.

Tofauti hizo hudumu kwa sababu mchanganyiko hugusa makazi bila kugusa umiliki: aliyeuza ekari mapema alilipwa mara moja, kwa bei ya malisho, ilhali faida yote ya lami, umeme na majirani wenye mishahara humwendea mwenye hatimiliki ya sasa, naye mpangaji huilipia faida hiyo kila kodi inapopanda.